Nzi Aliyevaa Vazi la Nyuki

Penye maua huonekana mdudu mwenye rangi ya nyuki, na watoto humkimbia. Mtazameni vema. Husimama hewani mahali pamoja, kana kwamba ametundikwa kwa uzi. Nyuki ana mabawa manne. Huyu anayo mawili tu. Macho yake ni makubwa mno, pembe zake za kupapasia ni fupi, wala hana mwiba. Ni nzi. Ndege aliyekwisha kuumwa na nyuki humwogopa na huyu. Msimwue, kwani hubeba unga wa maua.

Funza wa aina moja hukaa katika maji machafu na uozo, wakivuta pumzi kwa mkia mrefu. Kwa hiyo watu wa kale walisema nyuki huzaliwa katika ng'ombe aliyeoza. Mwaka 1894 mtaalamu Osten-Sacken aliandika kwamba hao walikuwa nzi.

Basi wengine huuliza: je, nyuki wa Samsoni ndani ya mzoga wa simba (Waamuzi 14) nao walikuwa nzi? Maandiko hayasemi walizaliwa na mzoga. Yasema walikuwamo, pamoja na asali. Na nzi hatengenezi asali.