Je, Wajua? Insha ya Nukta Nundu Inaweza Kumfikia Mwalimu Ikiwa Fumbo

Je, wajua kwamba "Mwalimu 25", ikihifadhiwa kwa fomati ya BRF kwenye kifaa cha kuandikia nukta nundu, huonekana kwenye kompyuta ya kawaida kama ",mwalimu #be"? Nukta sita hutoa michanganyiko 64 tu, pamoja na nafasi tupu, kwa hiyo BRF huazima alama 64 za kibodi kuiwakilisha: mkato hushika nafasi ya alama ya herufi kubwa, na tarakimu huwa herufi a hadi j zikitanguliwa na alama ya namba. Printa ya nukta nundu huipokea hivyo hivyo bila kutafsiri chochote, na huo ndio ubora wake. Lakini mwalimu asiyesoma nukta nundu atasahihisha nini hapo?

Atatokea wa kuuliza: si kifaa chenyewe kinaweza kuirudisha kuwa maandishi ya kawaida? Kinaweza, ila hukosea kwa urahisi penye vifupisho, au kikiwa kimewekewa kanuni za lugha nyingine. Wengine huitetea BRF kwa ajili ya hisabati na muziki, na hao wana hoja, maana kila nukta hubaki mahali pake. Kwa insha, barua na kumbukumbu za mkutano, hata hivyo, hifadhi nakala mama katika DOCX (TXT hupoteza mitindo ya vichwa vya habari), kisha toa BRF siku ya kuchapa.