Vitabu vinavyoandikwa juu ya dini zetu: nani anavihakiki?

Mwishoni mwa mwaka, msimu wa tohara ulipokaribia, alitujia ofisini mzazi mmoja wa upande wa Tarime, ameshika karatasi sita za fotokopi zilizokunjwa mara mbili. Ni Mkurya aliyesilimu miaka michache iliyopita, na siku za Ijumaa humkosi katika safu ya kwanza. Karatasi zile alipewa na kaka yake mkubwa, ambaye hakusilimu, na kaka naye alizipata kwa kijana wa ukoo anayesoma chuo. Zilikuwa kurasa za kitabu cha Kiingereza kuhusu dini ya Wakurya. Hoja ya kaka ilikuwa fupi: msomi wa Ulaya amekaa na wazee wetu, ameandika kwamba mambo haya ndiyo uhai wa ukoo, basi mwanao wa kiume na binti yako watoke pamoja na rika lao, ama sivyo ukoo usikuhesabu.

Mzazi yule alituuliza swali moja tu: "Kitabu hiki ni cha kweli?"

Tulikuwa watano mezani na hapakuwa na mwenye jibu. Kamati ya msikiti imezoea kuulizwa hukumu ya mirathi, ya talaka, ya mnyama aliyechinjwa na mtu asiyejulikana. Kuulizwa hukumu ya kitabu ni jambo jingine. Isitoshe, karatasi hazikuwa na jalada, jina la mwandishi wala mwaka. Kwa mtu aliyepita katika darasa la hadithi, hiyo ilikuwa habari isiyo na isnadi, na habari ya namna hiyo haikataliwi wala haikubaliwi mpaka mpokezi wake ajulikane. Aya ya sita ya Suratul Hujurat imetuamrisha tuhakikishe kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Tukamwomba ndugu yetu atupe muda.

Ilituchukua wiki mbili, kwa simu za hapa na pale, kupata jina. Kitabu kinaitwa "Belief, Ritual and the Securing of Life", yaani imani, matambiko na kuulinda uhai. Mwandishi wake ni Malcolm Ruel, mwanaanthropolojia wa Cambridge, na kilichapishwa na kampuni ya Brill ya Leiden, Uholanzi, mwaka 1997. Tulipopata nakala kamili tukaisoma kwa zamu.

Kabla ya kusema tulichokiona, inafaa msomaji ajue vitabu vya aina hii hupimwa namna gani huko vinakotoka. Kitabu kikishatoka, mchapishaji hupeleka nakala kwa majarida ya kitaaluma, kama lile la dini barani Afrika lililoanzishwa mwaka 1967. Mhariri humtafuta msomi anayelijua somo. Msomi huyo hupewa kitabu bure, na huo ndio ujira wake, kisha huandika kurasa mbili au tatu akieleza hoja ya mwandishi, ushahidi wake, na mahali alipoteleza. Uhakiki huo huweza kutoka mwaka mzima au zaidi baada ya kitabu. Ni kazi ya heshima na haina makuu. Sisi Waislamu hatuna haki ya kuiona ngeni: elimu ya jarhi na taadili, ambamo wapokezi wa hadithi walipimwa mmoja mmoja, uadilifu wao na hifadhi yao, ilitangulia majarida hayo kwa karne nyingi.

Tatizo liko kwingine. Mhakiki wa Ulaya au Marekani hukipima kitabu kwa vitabu vingine vilivyomo maktabani mwake. Haulizi kitabu kitakapofika Nyamongo au Mugumu kitasomwaje, na kwa nini aulize? Kwake kitabu hakifiki huko. Bei ya vitabu hivi peke yake, ambayo mara nyingi hupita dola 100, inatosha kuwazuia watu walioandikwa ndani yake wasikione. Lakini fotokopi haina mpaka. Kurasa sita zilifika, na uhakiki haukuzifuata.

Tuanze na uadilifu, kwa kuwa mwandishi anastahili. Ruel hakuandika kwa kubahatisha. Aliishi na Wakurya katika miaka ya 1950, na mwaka 1965 alichapisha makala juu ya dini na jamii yao katika jarida la "Africa". Katika kitabu hiki imo pia insha yake mashuhuri ya mwaka 1982, inayouliza kwa nini wasomi wa Magharibi, wakiitazama dini yoyote, swali lao la kwanza ni "watu hawa wanaamini nini?" Anaonyesha kwamba swali hilo limekulia ndani ya historia ya Ukristo, katika kanuni zake za imani na mabishano ya mabaraza yake, na kwamba si haki kulibebesha kila dini duniani. Ukimfuata hapo unaelewa kwamba kwa mzee wa Kikurya tambiko ni tendo la kuulinda uhai wa watu, ng'ombe na mashamba. Yeye hakai chini kujiuliza kama analiamini.

Hoja hii ilituzuia tusiseme upuuzi. Mmoja wetu alikuwa tayari kumjibu yule mzazi kwa haraka kwamba, maadamu moyoni huamini matambiko, si vibaya mtoto apite tu pamoja na wenzake. Ruel, asiye Muislamu, ndiye aliyetukumbusha kwamba jibu hilo si letu. Imani, kama tulivyosomeshwa, ni kusadiki kwa moyo, kutamka kwa ulimi na kutenda kwa viungo, na katika hadithi ya Jibril Mtume (s.a.w.) aliulizwa Uislamu kabla ya kuulizwa imani, akajibu kwa matendo. Kwa hiyo tulipaswa kuuliza juu ya tendo lenyewe: damu inamwagwa kwa jina la nani, na dua inaelekezwa kwa nani.

Hata hivyo kuna dosari mbili, na ya kwanza si ya mwandishi. Kitabu ni cha 1997, lakini mengi ya aliyoyashuhudia ni ya miaka ya 1950. Anayesoma kurasa sita zisizo na jalada hudhani anasomewa mila ya Disemba hii. Tangu wakati huo zimejengwa shule, zahanati na barabara. Wazee waliozungumza na Ruel wengi wao wametangulia, na rika walilolitoa jando ndilo la wazee wa leo. Kuchukua maelezo ya wakati huo na kuyafanya amri kwa binti wa leo ni kumsingizia hata mwandishi.

Dosari ya pili ni ya rafu nzima. Kitabu hiki kinaweka dini ya Wakurya mbele ya Ukristo; Uislamu si shabaha yake, na hatumlaumu. Lakini ukivigeukia vitabu vya Uislamu wa Afrika Mashariki, August Nimtz, mwaka 1980, anakupeleka Bagamoyo kwa masheikh wa Kadiria. Anne Bang anakupeleka Unguja na Hadhramaut. Kai Kresse yuko Mombasa. Felicitas Becker, katika kitabu chake cha 2008 juu ya watu wa bara kuingia Uislamu, yuko kusini, Lindi na Mtwara. Ni vitabu vizuri. Lakini Muislamu wa Tarime, ambaye jirani zake ni Waadventista na baba yake alikuwa mzee wa mila, hajioni katika hata kimoja. Anaonekana kama mgeni katika vitabu vya watu wake, na kama mgeni katika vitabu vya dini yake.

Upande wa Serengeti hali ni nafuu kidogo. Jan Bender Shetler, aliyefundisha katika chuo cha Wamennonite huko Goshen, Indiana, alitoa mwaka 2003 mkusanyiko wa historia zilizoandikwa na wenyeji wa Mara wenyewe, na mwaka 2007 kitabu juu ya kumbukumbu za Waikoma, Wanata, Wangoreme na wenzao kuhusu nchi yao, ikiwamo sehemu iliyokuja kuwa hifadhi mwaka 1951. Kumtaja kuwa anatoka kwa Wamennonite, ambao wamo mkoani humu tangu walipofika Shirati mwaka 1934, si kumtia doa. Msomaji ana haki ya kujua mwandishi amesimama wapi, kama tunavyotaka ajue sisi tumesimama wapi.

Wapo watakaosema kazi hii si ya watu wa msikitini. Tunawakumbusha Sheikh Abdallah Saleh Farsy. Tafsiri ya Qur'ani ya padri Godfrey Dale ilipokuwa imekwisha kutoka mwaka 1923, na ya Makadiani mwaka 1953, yeye hakuishia kulalamika barazani. Alizisoma, akaandika kuyajibu aliyoyaona makosa, kisha akatoa tafsiri yake kamili mwaka 1969. Na kitabu chake cha 1972 juu ya wanavyuoni wa Kishafi kikafasiriwa kwa Kiingereza na Randall Pouwels mwaka 1989. Yaani aliyehakiki akaja naye kuhakikiwa, na hakuna aliyepungukiwa.

Turudi kwa ndugu yetu. Tulimwambia kitabu ni cha kweli kwa wakati wake na kwa watu aliowaona mwandishi, na kwamba hakina mamlaka ya kumwamrisha mtu. Kijana wake alitahiriwa zahanati, kwa bismillahi, kabla msimu haujaanza. Kuhusu binti hatukuwa na mjadala: ni madhara, dini yetu imekataza madhara, na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Alipelekwa kwa shangazi yake Musoma mpaka msimu ukapita, na sasa amerudi shuleni. Kaka mkubwa hajala nyumbani kwa mdogo wake tangu siku hiyo. Tumekwenda kwake mara mbili. Mara ya pili alitukaribisha uji, jambo ambalo mara ya kwanza hakulifanya, na akataka kujua kama kitabu kizima kinapatikana.

Tulimwachia nakala yetu. Zile karatasi sita tulimrudishia mwenyewe, baada ya kuandika kwa kalamu juu ya ukurasa wa kwanza jina la Ruel, mwaka 1997, na chini yake: aliyoyaona ni ya miaka ya 1950.