Maji Hayawi Mafuta: Amana ya Msikiti na Mapovu ya Hidrojeni



Baada ya swala ya Isha, mgeni mmoja alifika mbele ya kamati ya msikiti wetu hapa Ujiji akiwa na chupa, unga mweupe na kipande cha metali nyeusi. Aliuyeyusha unga katika maji, akatumbukiza metali ile, na mapovu yakafumka papo hapo.

"Hii ni hidrojeni, masheikh zangu," alisema. "Ziwa Tanganyika mnalo. Dizeli ya nini tena?"

Alitaka malipo ya awali kutoka mfuko wa jenereta linalovuta maji ya udhu. Fedha hizo ni sadaka za waumini, wakiwemo wavuvi wanaokesha ziwani na kina mama wanaoanika dagaa. Tukaomba wiki moja ya kuuliza.

Mwalimu wa kemia tuliyemwendea alitueleza kwamba mapovu yale si kiini macho. Unga wa namna hiyo kwa kawaida ni sodiamu borohidraidi. Wanakemia wa Marekani, Hermann Schlesinger na Herbert Brown pamoja na wenzao, walieleza mwaka 1953 jinsi unavyotoa hidrojeni ndani ya maji. Ukihifadhiwa katika maji yenye kostiki soda, hutulia; kinachouamsha ni metali kama kobalti, nikeli au rutheniamu. Metali hiyo huitwa kichocheo. Ni mfano wa dalali asiyedai ujira: huwakutanisha wawili, biashara ikafanyika upesi, naye akabaki kama alivyokuja. Kobalti huchimbwa Katanga, ng'ambo ya ziwa letu. Nikeli ipo Kabanga, wilayani Ngara, katika mkoa jirani wa Kagera.

Basi kosa liko wapi? Mgeni alisema nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba nusu ya hidrojeni ile hutoka katika maji. Lakini nguvu inayoitoa imo katika unga, na unga huisha. Kilo moja hutoa takriban gramu 213 za hidrojeni, ambazo nishati yake haifikii ile ya lita moja ya dizeli. Kinachobaki ni borati, na kuirudisha kuwa unga hugharimu nishati nyingi kiwandani. Ndiyo maana mwaka 2007 Wizara ya Nishati ya Marekani ilipendekeza juhudi za kuendeshea magari kwa njia hiyo zisitishwe.

Tena kuna hatari. Hidrojeni haina rangi wala harufu, na ikifikia asilimia 4 tu ya hewa ya chumba, cheche moja yatosha kuiwasha.

Mgeni aliporudi, Mwenyekiti alimwuliza mambo matatu: unga unanunuliwa wapi, kilo ni shilingi ngapi, na mabaki yatatupwa wapi? Hakuwa na jibu hata moja. Tulimkirimu chai, akaenda zake. Mfuko ukabaki salama.

Ndugu Waislamu, hatuikatai elimu. Katika Qur'ani yetu imo sura nzima iitwayo Al-Hadid, yaani Chuma. Tuwahimize mabinti na vijana wetu wasome kemia, ili siku nyingine kamati isihitaji wiki nzima kupambanua ukweli na nusu yake. Na kila mwenye kushika mali ya watu aulize kabla ya kutoa, kwani ataulizwa baada ya kutoa.

Wabillahi tawfiq.