Ada Haipatikani Mara Mbili: Nasaha kwa Wanaoanza Chuo

Sisi wana wa Songwe tunaomaliza masomo mwaka huu twawaandikia ninyi, wadogo zetu, mtakaopanda basi Tunduma, Vwawa au Mlowo kwenda kuanza chuo. Ada mliyokabidhiwa huenda ni kahawa ya Mbozi iliyouzwa, au mahindi ya Momba yaliyotolewa ghalani kabla ya wakati wake. Ikipotea, si rahisi kupatikana tena. Kwa hiyo, kabla ya nasaha za masomo, twawapa hizi nne za fedha.

Kwanza, chuo. Wanaosomea shahada waulize Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Wanaosomea astashahada na stashahada waulize Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Msiulizie chuo peke yake, bali na kozi yenyewe, kwani chuo chaweza kuwa na usajili huku kozi mpya haijaidhinishwa. Ada ilipwe benki au kwa kumbukumbu namba iliyotolewa na chuo. Msimpe mtu fedha mkononi, hata akijitambulisha kuwa karani wa udahili. Ujumbe wa kuwaambia mtume ada kwa namba ya mtu binafsi upelekeni 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ya kuripoti utapeli.

Pili, simu. Kati ya Tunduma na Nakonde bidhaa hupita mikono mingi, na bei ndogo huvutia. Kabla ya kulipa, bonyezeni *#06# ili kupata namba tambulishi yenye tarakimu 15, kisha itumeni kwenda 15090. Jibu lisipolingana na aina ya simu mliyoishika, irudisheni kwa muuzaji. Kumbukeni kwamba mwezi Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchini, na walioumia ni wanunuzi.

Tatu, chumba. Wapo wenye nyumba wanaodai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Picha iliyotumwa kwa simu si chumba. Nendeni mkakione kwanza. Mkataba uandikwe na utaje kiasi cha kodi, muda, nani analipa umeme na maji, na masharti ya kurudishiwa fedha mkihama mapema.

Nne, mkopo. Fedha za Bodi ya Mikopo ni deni: mkiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara hukatwa kila mwezi hadi liishe. Lakini deni hilo lina sheria na utaratibu unaojulikana. Mikopo ya haraka ya simuni ni jambo jingine. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Programu inayotaka kusoma majina yote yaliyomo simuni mwenu huenda inatafuta watu wa kuwaaibisha mbele yao siku mtakapochelewa kulipa.

Katika yote hayo, daini risiti na kuitunza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Lakini mlalamikaji asiye na karatasi hubaki na maneno matupu. Bahasha moja ya risiti na mikataba, ikitunzwa tangu siku ya kwanza, itawafaa hadi siku ya kuhitimu.