Mti wa Mshale (Sehemu ya Pili): Ugumu Si Kigezo

Sehemu ya kwanza ilihusu upinde wenyewe. Leo ni zamu ya wano, yaani mti wa mshale, ambao wengi wanaoanza kulenga shabaha hukosea kuuchagua. Mkazi wa Tandika au Mbagala anayetaka kujichongea mishale huenda kwa maseremala wa Keko akaulizia mbao ngumu kuliko zote. Ataonyeshwa mninga, msaji, pengine na kipande cha mpingo. Paini kutoka Sao Hill ataipita bila kuigusa, maana kwake hiyo ni mbao ya kenchi. Nami nasema paini hiyo, ikichaguliwa kwa makini, ndiyo inayomfaa. Mti wa mshale hupimwa kwa namna unavyopinda na kwa unyoofu wa nyuzi zake. Ugumu wa mbao haumsaidii mpigaji.

Sababu yake ni hii. Upote, yaani uzi wa upinde, ukiachiwa huusukuma mshale kwa nyuma kwa nguvu ya ghafla, na mbele yake ubavu wa upinde umeziba njia. Ili upite, mshale hujipinda kuuzunguka upinde, ukajinyoosha, ukajipinda upande wa pili, na hivyo mara kadhaa hadi utulie hewani. Ukiwa mkakamavu mno, kwa anayevuta kwa mkono wa kulia utakwenda kushoto. Ukiwa laini mno utakwenda kulia. Kipimo chake kinawezekana hata uani kwako. Lazia mti juu ya matofali mawili yaliyoachana sentimita 66, uning'inize pakiti ya sukari ya kilo moja katikati, kisha pima umeshuka milimita ngapi. Gawanya 330 kwa milimita hizo, nawe utapata kwa makadirio kilo za mvuto wa upinde unaoufaa. Ukishuka milimita 14, unafaa upinde wa kilo 23 au 24. Kumbuka tu kwamba mti ukifupishwa huwa mkakamavu zaidi, na chembe nzito, yaani ncha ya mshale, huufanya uwe laini zaidi.

Wapo watakaosema mbao laini haihimili upinde wenye nguvu. Jibu limo katika Mary Rose, meli ya kivita ya Uingereza iliyozama mwaka 1545 na kuibuliwa 1982. Ndani yake ilikutwa mishale kwa maelfu, na mingi ilikuwa ya mpopla, mti mwepesi na laini, ilhali pinde zake zilikuwa nzito kuliko wengi wetu tunavyoweza kuzivuta leo. Mpingo, kwa upande wake, huzama majini. Mshale wake ungekuwa mzito kiasi cha kuanguka mapema. Uzito una kazi yake kwa mwindaji wa mnyama mkubwa, lakini kuwinda bila leseni ni kosa la jinai, na shabaha ya majani makavu haihitaji uzito huo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la Wahadzabe wa Ziwa Eyasi: hawapimi kwa sukari wala rula, na mishale yao hulenga. Ni kweli. Lakini tuangalie wanaanza na nini. Hukata chipukizi la kichaka lililokwisha kunyooka, hulimenya, hulipasha motoni na kulinyoosha kwa meno. Nyuzi zake zimetoka shinani hadi nchani bila kukatwa, na mkono unaolikunja umezoea upinde uleule tangu utotoni. Mnunuzi wa Keko hana kimoja kati ya hivyo viwili. Msumeno hauzifuati nyuzi, hupita popote ulipoelekezwa. Kwa hiyo auelekeze ubavu wa mbao juani, afuate mistari yake kwa kidole: inayokimbia sambamba hadi mwisho ni salama, inayotokeza pembeni njiani ndipo mti utakapovunjikia. Bora zaidi, amwombe seremala aipasue mbao kwa patasi ifuate uzi wake, ndipo iingie kwenye randa.

Tena kabla ya kila pigo, kunja mshale taratibu karibu na sikio. Ukisikia mlio wa kupasuka, uvunje vipande viwili papo hapo. Mti wenye ufa hukatika upote unapoachiwa, na kibanzi chake huingia kwenye mkono ulioshika upinde.