Sheikh Ramiya: mutoto wa Maniema aliyekuwa liwali wa Bagamoyo

Wandugu, hapa kwetu Lubumbashi mtu akitafuta kazi, mara nyingi ulizo la kwanza haliko juu ya diplome. Ni: "Uko mutu wa wapi? Uko mutoto wa nani?" Tunajua ulizo hilo linaweza kufika wapi: mu 1992 na 1993 watu wengi wa Kasai walifukuzwa Katanga juu ya asili yao tu. Leo ninataka kuwaeleza habari ya mtu wa kwetu Kongo ambaye tarika, ni kusema njia ya Masufi, ilimpa jibu lingine kwa ulizo hilo.

Mu karne ya 19, misafara ya biashara ilitoka Nyangwe na Kasongo, kule Maniema, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapita Ujiji na Tabora mpaka Bagamoyo, kwenye bahari. Ilipeleka pembe za tembo na watumwa. Mtoto mmoja wa Maniema alifikishwa pale hivyo, akanunuliwa na Amir bin Suleiman al-Lamki, Mwarabu tajiri aliyekuwa liwali, mkubwa wa mji. Mtoto huyo njo alikuja kuitwa Yahya bin Abdallah, ao Sheikh Ramiya.

Pwani, heshima ilipimwa kwa ukoo. Mtu wa bara alitukanwa mshenzi. Hata neno "ustaarabu" asili yake ni kufanana na Waarabu. Mtumwa, ambaye alikatwa na jamaa yake, angehesabu babu gani?

Ramiya alisoma dini, akafanya biashara, akapata mashamba ya minazi, akafundisha Korani. Kisha akaingia Qadiriyya, tarika ya Abdul Qadir al-Jilani, aliyekufa Baghdad mu 1166. Kwetu Afrika ya Mashariki, mmoja wa wale walioieneza sana ni Sheikh Uways wa Barawa, Somalia (1847–1909).

Tarika inafanya kazi namna gani? Kuko zikri: watu wanasimama pamoja, bega kwa bega, wanataja jina la Mungu kwa pumzi moja. Pale tajiri na mchukuzi wa mizigo wako mu duara moja. Na kuko silsila, mnyororo wa majina: mwalimu wangu alifundishwa na fulani, naye na fulani, mpaka al-Jilani, mpaka Mtume. Sheikh akimpa mwanafunzi ijaza, ruhusa ya kufundisha, jina la huyo mwanafunzi linaingia mu mnyororo. Haulizwi baba yake nani. Anaulizwa mwalimu wake nani.

Mtu aliyefika na mnyororo wa chuma akapata mnyororo wa elimu. Chini yake Bagamoyo ikakuwa kituo kikubwa cha Qadiriyya. Waingereza walipochukua mji mu 1916, walimuweka Ramiya kuwa liwali, kiti kile kile cha bwana wake wa zamani. Utumwa wenyewe ulikuja kukatazwa na sheria mu Tanganyika mu 1922 tu!

Tusimupambe kupita kiasi. Tarika haikumaliza utumwa. Na alipokufa mu 1931, mwana wake Muhammad njo alishika nafasi yake: ukoo ukarudia mlango wa nyuma. Kila chama kinachofungua mlango kwa elimu kinajaribiwaka hivyo, hata vyama vyetu vya waliomaliza masomo. Tunaanza kwa kusema "kila mwenye diplome aingie", kisha tunaanza kupimana kwa kabila na provensi.

Siku ingine mtu akikuuliza uko mutoto wa nani, umujibu pia uko mwanafunzi wa nani. Muandike hapa chini jina la mwalimu mmoja aliyewaingiza mu mnyororo wa elimu. Yule wa shule ya msingi asisahauliwe.