Nyumba za Ubia: Tuulize Kabla ya Kujenga

Vijana wetu wengi wamehamia mjini. Huko wanapanga chumba kimoja, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo. Kwa hiyo habari za nyumba za bei nafuu zinatuhusu hata sisi wa vijijini. Leo tueleze njia moja ya kuzijenga, nayo ni ubia kati ya serikali na kampuni binafsi.

UBIA NI NINI?

Ubia si jambo geni kwetu wakulima. Mmoja ana shamba, mwingine ana maksai na plau. Wanalima pamoja, na wakivuna wanagawana magunia. Nyumba nazo ni vivyo hivyo. Mara nyingi serikali hutoa kiwanja, barabara na maji. Kampuni huleta fedha na mafundi. Nyumba zikiuzwa, kila upande hupata fungu lake. Tanzania ilitunga sheria ya ubia wa namna hii mwaka 2010.

BEI INAPUNGUAJE?

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme kiwanja ni Sh. 8 milioni, barabara na maji Sh. 5 milioni, ujenzi Sh. 25 milioni, na faida ya kampuni Sh. 7 milioni. Jumla ni Sh. 45 milioni. Serikali ikitoa kiwanja, barabara na maji, nyumba hiyo inaweza kuuzwa Sh. 32 milioni. Nafuu ni Sh. 13 milioni.

Lakini tusidanganyike. Milioni 13 hizo hazikudondoka kutoka mbinguni. Ni ardhi ya umma na kodi zetu. Mkataba usipotaja bei ya kuuzia, kampuni inaweza kuuza kwa milioni 45 vilevile. Hapo mwananchi ametoa, lakini hakupata kitu.

MIFANO MIWILI

Jirani zetu wa Kenya walianza kazi hii Pangani, mjini Nairobi. Palikuwa na nyumba chakavu za familia 48 kwenye ardhi ya kaunti. Mwaka 2020 zilibomolewa, na kampuni binafsi ikaanza kujenga maghorofa ya nyumba 1,562. Mpango ulisema nyumba 952 ziwe za bei nafuu, na 610 ziuzwe kwa bei ya soko. Wapangaji wa zamani walilipwa fedha za kupanga kwingine, wakaahidiwa nyumba katika majengo mapya. Hapa tunajifunza kwamba fungu la wananchi lilitajwa kwa idadi, mapema.

Hapa kwetu tulikuwa na mradi wa Dege, Kigamboni. Safari hii kampuni ndiyo iliyoleta ardhi. Mfuko wa NSSF ulileta fedha, yaani akiba za wafanyakazi. Mkaguzi Mkuu wa Serikali alionyesha kwamba ekari moja ilihesabiwa kuwa na thamani ya Sh. 800 milioni! Mwaka 2016 ujenzi ulisimama, maghorofa yakabaki magofu. Basi, mbia mmoja akikadiria mali yake kupita kiasi, mwenzake ndiye anayeumia.

TUULIZE NINI?

Wakija watu kwenye eneo letu na habari za ubia, tuwaulize maswali haya:

1. Kila upande unatoa nini, na nani amepima thamani yake?
2. Nyumba ngapi ni za bei nafuu, na bei yenyewe ni shilingi ngapi?
3. Nani ataruhusiwa kununua? Mwenye kipato kidogo atalipa kidogo kidogo kwa miaka mingapi?
4. Wanaokaa hapo sasa watakwenda wapi, na watarudi lini?
5. Kazi ikisimama, nani atabeba hasara?

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji haigawiwi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Basi tuhudhurie. Sisi tuliojifunza kusoma tuombe karatasi zisomwe mbele ya wote, tena polepole. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.